Bomba au vakyutena? Vifaa vya kuchukulia damu kwa zahanati za Nyanda za Juu Kusini

Dada mmoja anayefungua zahanati Igurusi alinipigia simu akiwa dukani Mwanjelwa. Mkono mmoja ameshika boksi la mabomba ya mililita 5, mwingine boksi la tyubu za vizibo vya zambarau, simu ameibana begani. "Kaka, nichukue lipi? Mabomba ni bei chee." Nikamwambia achukue yote mawili. Akasema huo si ushauri, ni maneno ya mwenye duka.

Alinisema kwa haki. Kwa hiyo naandika hapa yale niliyomweleza baadaye kwa utulivu, kwa ajili yake na kwa wengine wanaoandaa oda ya maabara ndogo huku kwetu, kuanzia Mafinga hadi Tunduma. Mimi ni mteknolojia wa maabara, kazi yangu ya kila asubuhi ni kutafuta mishipa ya watu. Nilichojifunza ni kwamba bei iliyoandikwa kwenye boksi haikuambii kitu. Cha kuhesabu ni jibu moja sahihi limekugharimu nini. Sampo ikikataliwa maabara ya rufaa, mgonjwa aliyetoka Makete atalipa nauli tena na utamchoma tena, kama atarudi.

Bomba na sindano

Bomba lina jambo moja ambalo vifaa vyote vya kisasa havijalifikia: nguvu ya kuvuta iko kwenye kidole chako. Mshipa ukiwa dhaifu unavuta polepole, ukiona unajifunga unasita, unaendelea. Na damu inapoingia unaiona mara moja kwenye shina la sindano, hukai unabahatisha.

Kuna bibi mmoja wa Isyonje nitamkumbuka daima. Ilikuwa Julai, saa moja na nusu asubuhi, baridi ya Mporoto unaijua. Kaingia amejifunika khanga mbili juu ya sweta, mikono imekuwa kama imetoka kwenye friji. Nikafunga mkanda, nikapapasa: hakuna kitu. Mwenzangu alishamjaribu kwa vakyutena, yaani tyubu inayovuta damu yenyewe kwa ombwe. Tyubu ilivuta kwa nguvu, mshipa ukajifunga, damu ikakatika kabla haijafika nusu. Nikamwomba bibi atumbukize mkono kwenye beseni la maji ya uvuguvugu kama dakika tano hivi, tukawa tunaongea habari za viazi. Kisha nikachukua bomba la mililita 5 na sindano ya shina la bluu, yaani namba 23 (namba ikikua, sindano inakuwa nyembamba). Nikavuta taratibu mpaka mililita tatu zikapatikana. "Ndaga, mwanangu," akasema, "yule wa kwanza alikuwa ananinyonya."

Hiyo ndiyo sifa ya bomba. Kasoro zake ni nzito kuliko wengi wanavyokubali, na zote zinaanzia pale damu inapokuwa imeshaingia ndani ya bomba. Sasa inabidi uihamishe.

Ukiihamisha kwa kushika tyubu mkono wa kushoto na kuchoma kizibo kwa mkono wa kulia, siku moja utachoma kidole chako. Tyubu isimame kwenye raki, mkono mmoja tu ufanye kazi, na usisukume: acha ombwe la tyubu livute lenyewe. Ukibonyeza kwa dole gumba, chembe nyekundu zinapasuka, sampo inahemolaizi, na baada ya kuzungushwa kwenye mashine unakuta seramu, yale maji ya damu yanayobaki juu, ina rangi ya juisi ya rozela. Potasiamu itatoka juu kuliko ukweli, na vimeng'enya vya ini vivyo hivyo.

Kasoro nyingine ni kuganda. Damu haisubiri uandike jina na kutafuta tyubu. Ukikawia, kidonge kidogo cha damu kinajificha ndani ya tyubu ya zambarau, mashine inahesabu chembe sahani (zile za kugandisha damu) chache, na daktari anaanza kumhofia mgonjwa ambaye hana tatizo lolote.

Halafu kuna ile tamaa ya kugawagawa. Nikiwa field, kwenye kituo ambacho sitakitaja, mzee mmoja alitoka na potasiamu ya 9. Mtu mwenye 9 ya kweli moyo wake uko ukingoni. Huyu alikuwa nje kwenye benchi anatafuna mahindi ya kuchoma. Kalsiamu yake nayo ilikuwa imeporomoka. Tulipofuatilia, aliyemtoa damu kwa bomba alikuwa ameijaza mno tyubu ya zambarau, akaona tyubu nyekundu, ile ya seramu, imepungukiwa, akamimina kidogo kutoka huku kwenda kule. Dawa ya kuzuia kuganda iliyo kwenye zambarau ni chumvi ya potasiamu, na kazi yake ni kuikamata kalsiamu. Jibu lilikuwa linasema ukweli mtupu, ila ukweli wa tyubu na si wa mzee.

Vakyutena

Jina lenyewe ni la bidhaa, Vacutainer, ya kampuni ya Marekani iitwayo Becton Dickinson, na wazo la tyubu yenye ombwe ni la miaka ya 1940. Sisi tunaita hivyo tyubu zote za aina hiyo, za kampuni yoyote, kama tunavyoita kila dawa ya meno Colgate.

Seti ni vitu vitatu: sindano yenye ncha mbili, kishikio cha plastiki, na tyubu. Ncha ya mbele inaingia kwenye mshipa; ya nyuma imevikwa mpira, inachoma kizibo. Tyubu inavuta kiasi chake inaacha, unaichomoa, unaweka nyingine. Mgonjwa anachomwa mara moja hata kama daktari kaandika vipimo vitano. Damu haigusi hewa wala haihamishwi. Uwiano wa damu na dawa ya ndani ya tyubu unajipanga wenyewe. Kwa mtu mzima mwenye mshipa unaoonekana, sindano ya shina la kijani, namba 21, hakuna kinachoshinda hapo. Kwa wagonjwa wengi utakaowaona, hiki ndicho kifaa.

Ila sikiliza haya kabla hujalipa.

Kwanza tarehe. Tyubu iliyopitwa na muda hupoteza ombwe. Inavuta robo inagoma, na wewe unadhani umekosea mshipa, unaanza kumchimba mgonjwa wa watu. Maboksi ya bei ya kutupa mara nyingi yamebakiza miezi miwili. Geuza boksi, soma.

Pili, urefu wa nchi yetu. Tyubu huvuta kwa tofauti kati ya mgandamizo wa hewa ya nje na wa ndani yake. Mbeya mjini tuko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Njombe na Makete wako juu zaidi, na huko hewa ni nyepesi. Tyubu ileile inayojaa vizuri Kyela, karibu na ziwa kwenye mita 500 hivi, ukiipeleka juu inavuta pungufu kidogo. Kwa zambarau haisumbui sana. Kwa tyubu ya bluu, ya vipimo vya kuganda kwa damu, inasumbua, kwa sababu pale uwiano ni sehemu 9 za damu kwa 1 ya dawa na hauna msamaha. Nimeona vijana wakilaumiwa kwa "kutojaza" wakati kosa ni la mlima. Angalia mstari wa alama kwenye tyubu, usihesabu sekunde.

Tatu, kishikio. Wengi wanakitumia tena na tena, na ili kukitumia tena lazima uifungue sindano iliyokwisha kutumika. Hapo ndipo watu wanajichoma. Salama zaidi ni kuvitupa pamoja, sindano na kishikio, kwenye sefti boksi, lile boksi gumu la kutupia sindano. Ukipiga hesabu ya vishikio, piga kwa idadi ya wagonjwa. Zipo pia sindano zenye kifuniko kinachojifunga kwa dole gumba ukishatoa. Zinagharimu zaidi, na mimi ningezinunua kabla ya kununua kiti kizuri cha mapokezi. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa 2022–2023 uliikuta Njombe na maambukizi ya asilimia 12.7 kwa watu wazima, Iringa 11.1, Mbeya 9.6. Njombe ndiyo iliyoongoza nchi nzima. Sisemi hivyo kuwatisha wahudumu wala kuwanyanyapaa wagonjwa. Nasema kwa sababu sindano isiyo na kinga, hata ikiwa nafuu kwa shilingi kadhaa, huku kwetu ina maana nyingine kabisa. Ukijichoma, osha kwa maji na sabuni, usiminye, toa taarifa siku hiyohiyo: dawa za kuzuia maambukizi zinatakiwa zianze mapema iwezekanavyo, na mwisho ni saa 72.

Kipepeo

Ni sindano fupi yenye mabawa mawili na mrija mwembamba. Unaishika kwa mabawa, unaingia kwa mshazari mdogo, na mgonjwa akitikisika sindano inabaki mahali pake kwa sababu mrija unalegea. Nzuri kwa watoto, kwa mishipa ya nyuma ya kiganja, kwa mzee kama yule bibi. Unaweza kuiunga na vakyutena au na bomba. Kipepeo cha 23 pamoja na tyubu ndogo ya mililita 2 ni ndoa nzuri: tyubu ndogo huvuta kwa upole kuliko kubwa.

Mbona basi nisikiweke kwa kila mtu? Kwanza ni ghali. Tena ukishamtoa mgonjwa, ile sindano inaning'inia mwishoni mwa mrija kama mkia wa nyoka, na inarudi kukugonga usipokuwa makini; chagua chenye kifuniko cha kusukuma mbele. Lingine ni hewa iliyomo kwenye mrija: tyubu ya kwanza inaivuta hiyo hewa, inajaa pungufu. Kama ya kwanza ni ya bluu, tanguliza tyubu nyingine ya kutupa. Na namba 25, ile ya rangi ya chungwa, iache kwa watoto wachanga. Kwa mtu mzima damu inapita kwa tabu na hemolaizi inakaribia.

Boksi moja la vipepeo kwa robo mwaka linaitosha zahanati ya kawaida. Lifungie kabatini, maana wenzako wakilizoea watamchoma nalo hata dereva wa lori mwenye mishipa kama kamba ya katani.

Kidole na kisigino

Kwa malaria ya kipimo cha haraka, sukari, wingi wa damu, kipimo cha awali cha VVU, huhitaji mshipa. Lanseti inatosha, na mtu anayeagiza bomba kwa ajili ya kipimo cha malaria anatupa hela na anamtesa mtoto.

Chagua lanseti ya kujifyatua inayoingia kina kilichopangwa na kujirudisha ndani. Zile bapa za chuma, za kuchoma kwa mkono, kina chake kinategemea umeamkaje siku hiyo. Kidole cha kati au cha pete, pembeni kidogo ya ncha, kwa mtu mzima na mtoto mkubwa. Kwa mtoto mchanga ni kisigino, upande wa nje au wa ndani, kamwe si katikati, na kina kisizidi milimita 2.4 maana mfupa uko karibu. Tone la kwanza futa. Usikamue kama unakamua ng'ombe, maji ya mwilini yataizimua damu na hemoglobini itashuka kwenye karatasi tu.

Kwa watoto waliozaliwa na mama wenye VVU tunatumia kadi ya damu kavu. Kadi ni nyepesi, haihitaji ubaridi, inasafiri kwa basi. Adui yake ni unyevu. Tukuyu mvua ikiwa imekaa wiki nzima, kadi uliyoizoea kukauka kwa saa nne haikauki. Iache usiku kucha kwenye raki yake, mbali na moto na jua, kisha ndiyo uifunge na pakiti za kunyonya unyevu. Kadi iliyofungwa mbichi inaota ukungu. Agiza pakiti hizo za kutosha. Ni kitu kidogo, ndiyo maana husahaulika.

Tyubu: nyekundu, njano, na hadithi ya mashine

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea bila kujua. Tyubu za seramu ziko za namna mbili kubwa. Nyekundu ni ya kawaida, damu inaganda, unazungusha, unanyonya seramu unaihamishia kwenye chombo kingine. Njano ina jeli. Ukishazungusha, jeli inapanda katikati inakuwa ukuta kati ya seramu na chembe, na tyubu hiyohiyo unaweza kuisafirisha.

Una mashine ya kuzungushia damu? Una sampo zinazokwenda Mbeya mjini kwa saa tatu za barabara? Nunua njano, usibishane. Huna mashine? Njano haikusaidii chochote, jeli italala chini kama ilivyotoka kiwandani na umelipia mapambo. Bora nyekundu, na utafute mashine ndogo kabla ya kitu kingine.

Maana bila kuzungusha, safari inaiharibu sampo kuliko mikono yako. Watu wanadhani baridi inatunza kila kitu. Damu nzima ikikaa kwenye ubaridi bila kutenganishwa, chembe huvujisha potasiamu kwenye seramu. Bodaboda ya alfajiri kutoka Kitulo inaweza kukuletea ugonjwa wa figo ambao mtu hana. Sukari nayo chembe zinaila njiani, kama asilimia 5 hadi 7 kwa saa, ndiyo maana kuna tyubu ya kijivu, yenye dawa ya kuzizuia. Na kwenye chumba cha baridi damu ya nyekundu inachelewa kuganda: zile dakika 30 za kitabuni huku Juni huwa ni karibu saa nzima. Ukiizungusha kabla, utapata uzi wa utelezi juu ya seramu unaoziba mashine ya vipimo.

Za kioo achana nazo kama barabara yako ni ya changarawe. Plastiki.

Mpangilio wa kujaza, kwa kuwa ninaulizwa kila mara: bluu, kisha nyekundu au njano, kijani, zambarau, mwisho kijivu. Kama kuna chupa ya kuotesha vijidudu, hiyo hutangulia zote. Ukiielewa stori ya mzee wa mahindi, huhitaji kukariri: nyekundu isijazwe baada ya zambarau, dawa yake isije ikaingia humo. Kisha pindua taratibu, zambarau mara 8 hadi 10, bluu 3 au 4. Kupindua, si kutikisa kama unachanganya dawa ya maji.

Vidogo vinavyosahaulika

Mkanda wa kufungia mkono. Najua wengi tunafunga kwa glavu. Glavu inajikunja inakuwa uzi, inambana mgonjwa, na kuifungua kwa mkono mmoja ni sarakasi. Wakati huo dakika moja inayoruhusiwa imeshapita na damu imeanza kujibana ndani ya mshipa. Mkanda mpana wa mpira au wa kitambaa wenye kibanio haugharimu kiasi hicho. Wa kibanio unafunguka kwa kidole kimoja, ila kitambaa hunyonya damu na kufulika kwake ni shida. Mimi natumia wa mpira bapa, nafuta kwa spiriti kila mgonjwa, ukichafuka damu nautupa.

Pamba na spiriti ya asilimia 70. Vipande vya pakiti ni safi na rahisi. Pamba na chupa ni nafuu na inatosha, ilimradi umwagie spiriti pamba pale unapotaka kuitumia. Lile kopo la pamba zilizolowekwa tangu asubuhi, kila mtu anachovya vidole humo, ni bwawa la vijidudu. Na acha ngozi ikauke kama nusu dakika. Spiriti mbichi inaunguza na inapasua chembe.

Glavu: ukubwa sahihi ni muhimu kuliko aina. Glavu kubwa inakunyima hisia za ncha ya kidole, na mshipa wa bibi huuoni, unausikia.

Sefti boksi: robo tatu, basi. Anayebonyeza kwa mkono ili ziingie zingine anajitafutia.

Oda yangu kwa yule dada

Nilimwandikia kwenye meseji. Vakyutena ndiyo kazi ya kila siku: sindano za 21 zenye kifuniko, na vishikio kwa idadi ya wagonjwa. Tyubu za zambarau na njano kwa wingi, maana mashine anayo, kijivu kidogo, na bluu asinunue kabisa mpaka daktari wake aanze kuandika vipimo vya kuganda. Vinginevyo zitamfia kabatini. Za zambarau, nusu ziwe za mililita 2. Mabomba ya mililita 5, boksi moja, na sindano za 23. Vipepeo boksi moja. Lanseti za kujifyatua nyingi kuliko anavyodhani.

Akauliza kama anaweza kuanza na mabomba tu, hela ikiingia ndiyo anunue vingine. Nikamwambia anaweza, na watu wameishi hivyo miaka mingi. Ila mwezi wa kwanza aweke daftari mlangoni mwa maabara, kila sampo iliyokataliwa au kurudiwa aandike sababu yake na jina la kijiji alichotoka mgonjwa. Jana kanitumia picha ya ukurasa wa kwanza. Mistari kumi na moja, na mitatu kati yake imeandikwa Chimala, mtu yuleyule.